Dalhousie: mlango uliochelewa kufunguka

Kijana aliyepata barua ya udahili kutoka Halifax huanza na maswali ya kawaida. Ada ni kiasi gani? Baridi ikoje? Kibali cha masomo kitatoka lini? Ni maswali ya haki kabisa. Mimi ningemwomba aongeze moja: nyumba hii ilijengwa na nani, kwa fedha gani, na watu wa rangi yangu waliingia humo lini?

Chuo Kikuu cha Dalhousie kipo jimbo la Nova Scotia, mashariki ya mbali ya Kanada, kwenye nchi ya asili ya Wami'kmaq. Ni chuo cha ukubwa wa kati, chenye wanafunzi wapatao 20,000. Kampasi tatu zipo Halifax, mji wa bandari, na ya nne, ya kilimo, ipo Truro. Hiyo ilikuwa chuo kinachojitegemea hadi mwaka 2012.

Fedha za kuanzia zilitokana na vita. Mwaka 1814, Waingereza wakipigana na Marekani, waliuteka mji mdogo wa Castine, huko Maine, wakakaa pale miezi kadhaa wakitoza ushuru wa forodha kwa kila mzigo uliopita. Walipoondoka mwaka 1815 walirudi Halifax na zaidi ya paundi 10,000. Gavana George Ramsay, aliyejulikana kama Lord Dalhousie, aliikuta hazina hiyo imekaa tu. Akaomba ruhusa London aijengee chuo, na mwaka 1818 akakubaliwa.

Wazo lake lilikuwa jema, na inafaa tumpe haki yake. Chuo kilichokuwepo, King's College cha mji wa Windsor, kilikuwa cha waumini wa Kanisa la Kianglikana, nao walikuwa sehemu ndogo tu ya wakazi wa jimbo. Dalhousie, Mskoti, alikitazama Chuo Kikuu cha Edinburgh kwao, akataka chuo cha mfano huo: mtu asiulizwe dhehebu lake wala ukoo wake.

Jiwe la msingi liliwekwa Mei 1820 kwenye uwanja wa Grand Parade, katikati ya Halifax. Mwaka huohuo Dalhousie akahamishiwa Quebec. Jengo likasimama, zuri, la mawe, bila mwanafunzi hata mmoja kwa karibu miaka 18. Kuna wakati mwokaji wa keki alipanga humo. Kipindupindu kilipoingia mjini mwaka 1834, wagonjwa walilazwa kwenye vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya somo la Kigiriki na hesabu.

Mafunzo yalianza mwaka 1838 chini ya mchungaji Thomas McCulloch, na hapohapo ahadi ya mlango wazi ikavunjwa. Edmund Crawley, Mbaptisti msomi, aliomba nafasi ya uprofesa, akakataliwa kwa sababu hakuwa wa Kanisa la Skoti. Wabaptisti walikasirika wakaenda kuanzisha chuo chao, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Acadia. McCulloch alifariki mwaka 1843, na miaka miwili baadaye Dalhousie ikafungwa. Ilifunguliwa tena mwaka 1863 ikiwa na maprofesa sita, na hata hapo njaa ya fedha haikuisha.

Aliyeiokoa ni George Munro, mzaliwa wa Nova Scotia aliyetajirika New York kwa kuchapisha vitabu vya hadithi vya bei ya chini, vile ambavyo wasomi wa siku hizo waliona aibu kukutwa navyo. Kuanzia mwaka 1879 alilipia mishahara ya maprofesa na kuwafadhili wanafunzi. Kila Februari chuo bado hufunga madarasa siku moja kumkumbuka. Napenda sana kwamba senti za wasomaji wa kawaida ndizo zilizokifanya chuo kiishi. Wanawake waliingia mwaka 1881, na Margaret Newcombe akawa wa kwanza kuhitimu, mwaka 1885.

Sasa turudi kwenye vita vilevile. Meli za Kiingereza zilileta pia Nova Scotia watu Weusi wapatao 2,000 waliotoroka utumwa Marekani kwa kuahidiwa uhuru. Walipewa ardhi ya mawe na vichaka, viwanja vidogo visivyoweza kulisha familia. Lord Dalhousie, huyuhuyu wa mlango wazi, aliwaandikia wakubwa wake London kwamba utumwa ulikuwa umewaharibu watu hawa wasiweze kujitegemea, akapendekeza warudishwe kwa mabwana zao au wapelekwe Sierra Leone.

Hawakuondoka. Walilima, walijenga makanisa na kulea watoto. Mwaka 1892 kijana Mweusi wa Halifax, James Robinson Johnston, aliingia Dalhousie akiwa na umri wa miaka 16. Alihitimu mwaka 1896, akarudi kusomea sheria, akaipata shahada hiyo mwaka 1898, na akawa mwanasheria wa kwanza Mweusi mzaliwa wa Nova Scotia. Tangu jiwe la msingi hadi shahada yake ya kwanza ilipita miaka 76.

Mengine yalipatikana kwa kudaiwa. Mwaka 1970 ilianzishwa programu ya mwaka mmoja ya kuwaandaa wanafunzi Weusi na Wami'kmaq. Mwaka 1989 kitivo cha sheria kiliwafungulia nafasi maalumu, baada ya uchunguzi wa kesi ya Donald Marshall, kijana Mmi'kmaq aliyefungwa miaka 11 kwa mauaji ambayo hakuyafanya.

Chuo kina pia kigoda cha taaluma ya Wakanada Weusi, kilichopewa jina la Johnston. Mmoja wa waliokikalia ni mwanahistoria Afua Cooper, mzaliwa wa Jamaika. Chuo kilipounda jopo la kuchunguza uhusiano wa Lord Dalhousie na utumwa, ndiye aliyeliongoza. Ripoti ilitoka mwaka 2019, na chuo kikaomba radhi.