Kurudi Juu ya Faili

Kazi yangu hapa Musoma ni kutunza seva. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu hudhani lupu za sheli zilizaliwa pamoja na kompyuta (sheli si kile kituo cha mafuta, ni programu inayopokea amri). Hazikuzaliwa nayo.

Sheli ya kwanza ya Unix aliiandika Ken Thompson mwaka 1971 katika maabara ya Bell, Marekani, na haikuwa na lupu hata moja. Aliyetaka kurudia kazi alitumia goto, nayo goto ilikuwa programu ya pembeni, si sehemu ya sheli. Ujanja wake ulikuwa huu: sheli husoma skripti mstari kwa mstari, na mfumo hukumbuka imefika wapi. Goto ikiitwa, ilirudi juu ya faili lilelile, ikatafuta mstari wenye nukta mbili na jina la lebo, ikaacha alama ya usomaji hapohapo, kisha ikamaliza kazi yake. Sheli ilipoendelea kusoma, kumbe imesharudishwa nyuma bila habari. Mimi ni mtoto wa Buhemba, kwenye dhahabu inayochimbwa tangu ukoloni, ambako mchanga uliokwisha kupita karashani huoshwa tena kama marudio. Goto ile naielewa vizuri sana.

Huku kwetu Serikali ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, Wizara ya Fedha, halafu mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuwa bado inatubana mwaka 1979, Unix ilipotoka toleo la saba likiwa na sheli ya Stephen Bourne. John Mashey, hukohuko Bell, alikuwa ameshaingiza lupu ya while katika sheli yake, lakini iliyoenea ni ya Bourne.

Bourne alikuwa amefanyia kazi kompaila ya lugha ya Algol 68 kule Cambridge, na mapenzi yake kwa lugha hiyo hakuyaficha: if aliifunga kwa fi, case kwa esac. Do nayo ilistahili kufungwa kwa od, ila Unix ilikuwa tayari na amri iitwayo od, ya kuonyesha yaliyomo kwenye faili kwa namba. Ndiyo maana tunaandika done.

Na done sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni nafasi. Sheli ya Bourne hukata maneno kila penye nafasi, yawe yametoka kwenye kigeu au kwenye amri nyingine. Enzi hizo jina la faili halikuzidi herufi 14, nani angeweka nafasi? Leo mhasibu wa shule ananiletea “Ada Muhula wa Pili.csv”. Kijana anaandika for f in $(ls), na faili hilo moja linazungushwa mara nne: Ada, Muhula, wa, Pili.csv.

Zsh, sheli ya Paul Falstad ya mwaka 1990, iliacha kukata vigeu namna hiyo. Bash ya Brian Fox, ya 1989, ilifuata nyayo za Bourne, na mwaka 1992 kiwango cha POSIX kikaihalalisha tabia hiyo, kwa hiyo haitoki leo wala kesho. Vijana nawaandikisha hivi:

for f in *.csv; do cp "$f" /hifadhi/; done

Nyota huleta majina yakiwa mazima, na zile alama za kunukuu huyalinda mpaka yaifikie cp, amri ya kunakili. Zifute, na cp itaanza kutafuta faili liitwalo Ada.