Wilson Peter: Kutoka Arusha Jazz Hadi Simba Wanyika

Sherehe ikifika ile saa ambayo wazee wameshashiba na vijana wameanza kuchoshwa na bongofleva, mpiga muziki wa ukumbini, awe Sakina mjini au Oldonyo Sambu kando ya lami ya Namanga, ana dawa moja isiyomwangusha. Anaweka zilipendwa. Gitaa linaanza peke yake, la pili linaitikia, besi inaingia taratibu, na kabla mwimbaji hajafungua mdomo akina mama wameshaanza kusogea katikati. Mara nyingi gitaa hilo huwa la Simba Wanyika, au la Les Wanyika waliotoka ubavuni mwake. Ukiuliza ni bendi ya wapi, wengi watakujibu haraka: Kenya.

Jibu hilo ni nusu ya habari. Sahani zilirekodiwa Nairobi, ni kweli, na Wakenya ndio walioilea bendi na kuipa jina kubwa. Lakini waimbaji wake walikuwa watoto wa Tanga, na mahali walipoacha kuwa waajiriwa wa bendi ya wengine wakaanza kupiga chini ya bendera yao ni Arusha. Hapo ndipo historia ya Wilson Peter Kinyonga inapaswa kuanzia, na ndipo inaporukwa kila mara.

Wilson na mdogo wake George waliingia Jamhuri Jazz ya Tanga mwaka 1966. Tanga ya wakati huo, mji wa bandari na mkonge, ilikuwa na ushindani mkali wa muziki. Jamhuri Jazz walikuwa upande mmoja, Atomic Jazz upande mwingine, na mashabiki wa kila upande hawakutaka kusikia habari za wenzao. Kijana aliyepitia shule hiyo alijifunza mapema kwamba watu hawaji dansini kumhurumia mwanamuziki. Usipowachezesha, wanavuka barabara.

Mwaka 1970 ndugu hao walihamia Arusha, wakaungana na ndugu yao mwingine, William, na kuunda Arusha Jazz.

Mji ulikuwa umewaka. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka mitatu tu tangu litangazwe. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1967, yalikuwa hapo hapo, na watumishi wake walitoka Tanzania, Kenya na Uganda. Walikuwa watu wenye mshahara wa mwezi, walio mbali na kwao, na lugha iliyowakutanisha jioni ilikuwa Kiswahili. Bendi inayoimba Kiswahili cha pwani, kilichonyooka na kisicho na papara, isingepata wasikilizaji bora zaidi.

Zilikuwa pia siku za mabishano kuhusu muziki gani unafaa. Novemba 1969 viongozi wa Mkoa wa Pwani walipiga marufuku muziki wa soul katika madansi ya Dar es Salaam, muziki wa akina James Brown uliokuwa umewateka vijana. Hoja yao ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Vijana walinung'unika, na walikuwa na haki, kwa sababu wimbo mzuri haumnyang'anyi mtu utaifa wake. Ila ukisikiliza jinsi Wilson Peter alivyokuja kuimba, utagundua kwamba kile ambacho watu walikifuata kwa mwimbaji wa soul Ray Charles na piano yake, yule mwanamume anayeungama maumivu yake mbele ya kadamnasi huku miguu ya watu ikicheza, kilikuwepo pia kwenye rumba ya Kiswahili. Tofauti ni kwamba Wilson aliungama akiwa na gitaa mkononi.

Arusha Jazz haikukaa muda mrefu. Mwaka 1971 ndugu hao na baadhi ya wenzao walielekea Nairobi, na huko wakajiita Simba Wanyika. Sababu ya wanamuziki wengi wa Tanzania kutazama upande huo inaeleweka. Nchini bendi zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kwa kanda za redio, na aliyetaka wimbo wake uwe santuri ya kuuzwa dukani alilazimika kuifuata Nairobi, kwenye studio, kampuni za sahani na kiwanda cha kuzitengeneza. Njia ya kwenda huko ni ile ile ya leo. Unatoka mjini, unapita Ngaramtoni, Mlima Meru unabaki mkono wa kulia, unafika Oldonyo Sambu, kisha nchi inafunguka kuelekea Longido na Namanga. Ni kilomita mia moja na ushei tu hadi mpakani.

Nairobi iliwapa kile walichokifuata. Walirekodi na kampuni ya Phonogram, iliyokuja kujulikana kama Polygram, na mwaka 1975 ikatoka albamu yao ya kwanza, *Jiburudisheni na Simba Wanyika*.

Ili kuuelewa uzuri wa nyimbo zile, inabidi kukumbuka zilivyosikilizwa. Santuri ndogo ilibeba dakika chache kila upande, na rumba ya Wilson haikuwa ya dakika chache. Kwa hiyo wimbo ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ulikuwa wa kisa: mwimbaji analalamika, wenzake wanamwitikia, gitaa la solo linapita kati ya mistari kwa adabu bila kumkata kauli. Muziki ukififia, mtu alinyanyua sindano, akageuza sahani, akaishusha tena. Upande wa pili ulikuwa wa chemko. Maneno yanapungua, ngoma zinakaza, solo na ridhimu zinafukuzana juu ya besi, na saksafoni inaingia kuwachochea. Bendi nyingi za enzi hizo zilifanya hivyo, lakini Simba Wanyika walikuwa na subira ya pekee. Hawakuharakisha kufika kwenye chemko. Walikuacha uumie kwanza.

"Mwongele" ni mfano mzuri wa subira hiyo, na kwa anayetaka kumjua Wilson hakuna mlango bora. "Sikujua Utabadilika" nao ni malalamiko ya mpenzi aliyegeukwa, na sauti inabaki ile ile ya chini, ya mtu anayezungumza na jirani barazani. "Mapenzi Yanivunja Mgongo" unabeba kilio chake kwenye jina, lakini gitaa linacheka. Mgongano huo, maneno yanalia na vidole vinafurahi, ndio ufundi wake mkubwa, na waigaji wake wengi walichukua mdundo wakauacha mgongano.

Mwaka 1978 bendi ilipasuka. Mpiga ridhimu Omar Shabani, ambaye mashabiki walimwita Profesa, aliondoka na wenzake, akiwemo mpiga besi Tom Malanga, wakaunda Les Wanyika. Mwaka uliofuata wakatoa "Sina Makosa", wimbo ambao huenda ndio unaopendwa kuliko nyimbo zote zilizowahi kubeba jina la Wanyika, na ambao hadi leo watu wengi humpa Wilson Peter kimakosa. Mwimbaji Issa Juma naye alifungua njia yake na Super Wanyika. Hata George aliondoka kwa muda akawa na Orchestra Jobiso. Kwa bendi ya kawaida huo ungekuwa msiba. Hapa ulizaa ukoo mzima wa bendi, zote zikitumia hesabu ile ile ya magitaa.

Jambo la kuumiza lilikuwa jingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Februari ya mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Barabara ile ya Oldonyo Sambu ikawa haina pa kwenda. Watanzania waliokuwa wakipiga muziki Nairobi walijikuta upande wa pili wa geti, na kwao kukiwa upande huu. "Sina Makosa" ilitoka mpaka ukiwa bado umefungwa. Lakini mawimbi ya redio hayakuhitaji pasipoti, na nyimbo za Wanyika zilizidi kupendwa Tanzania miaka ile ile ambayo mabasi hayakuvuka. Novemba 1983 marais Nyerere, Moi na Obote walikutana Arusha, wakamaliza suala la kugawana mali za Jumuiya, na mpaka ukafunguliwa tena. Kwamba mkutano huo ulifanyika katika mji uliowapa ndugu wa Kinyonga bendi yao ya kwanza ni jambo ambalo shabiki yeyote wa rumba ana haki ya kulifurahia.

Katika miaka ya 1980 Wilson alikuwa ameshakomaa, na sauti ilikuwa imebeba umri. "Shillingi" ni kazi ya kipindi hicho, na kwa maoni ya makala haya ndio wimbo wake mkubwa kuliko zote. Haumzungumzii mpenzi mmoja tu. Unazungumzia fedha na yale inayowatenda watu, na ameutunga bila kumhubiria mtu. "Dunia Haina Wema" unakaa karibu nao kwa hisia. "Haleluya" una furaha ambayo huwainua hata wasiojua neno moja la Kiswahili, na huko Ulaya wasikilizaji kama hao walizidi kuongezeka. Albamu ya *Pepea*, ya mwaka 1992, ilitolewa huko.

George alifariki mwaka huo huo wa 1992. Wilson alimfuata mwaka 1995.

Anayetaka kuwasikia leo hana haja ya kutafuta santuri, maana nyimbo nyingi zinapatikana kwenye simu. Aanze na "Mwongele", kisha "Shillingi", na asiruke dakika za mwanzo kukimbilia chemko. Asikilize gitaa la ridhimu badala ya solo. Ndilo linaloshikilia wimbo mzima, na ndilo lililofanya Omar Shabani aitwe Profesa.