Nakshi za Wakuba katika Kuta za Ulaya

Wanahistoria wa mapambo ya nyumba husema mara nyingi kwamba msanii fulani wa Ulaya alipata msukumo kutoka Afrika. Ni nadra kuuliza msukumo huo ulitoka mikononi mwa nani.

Tutazame mahameli za Kasai. Kwa desturi ya Wakuba, mwanamume hufuma kitambaa cha nyuzi za mwale, na mwanamke hukidarizi kwa sindano, akikata kila uzi bila kuufunga fundo, hata uso wake ukawa laini. Nakshi huanza kwa mpango mmoja, kisha hukatika na kugeuka.

Henri Matisse alizitundika mahameli hizo katika kuta za karakana yake huko Nice. Mwaka 1946, mjini Paris, alibandika ukutani maumbo ya karatasi aliyoyakata kwa mkasi; ndipo ikazaliwa kazi yake *Océanie*, iliyochapwa juu ya kitani. Mada yake ni Tahiti, aliyoizuru mwaka 1930. Lakini ule uso usio na kitovu, wenye maumbo yanayorudiarudia pasipo kufanana kabisa, macho yake yalikwisha kuuzoea katika kazi ya Wakuba.

Emil Torday, aliyefika Mushenge mwaka 1908, aliandika majina ya nakshi. Majina ya wadarizi ni machache mno katika kumbukumbu za makumbusho. Ufundi huo ungali hai Kasai. Basi mtafiti wetu na aanze kwa kuwauliza wenyewe, na ayaandike majina yao.