Gobori Lisilo na Alama: Vipi Litambuliwe na Kuthaminiwa

Katika kugawa mirathi, hasa kwenye miji ya kale ya pwani na ile ya njia ya misafara kama Tabora na Ujiji, huweza kutolewa darini gobori kuukuu lisilo na jina la mtengenezaji wala mwaka. Hapo mzozo huanza. Mrithi mmoja husema ni silaha ya babu aliyepigana pamoja na Abushiri mwaka 1888, basi halina bei. Mwingine husema ni chuma chakavu. Sheikh anayesimamia mgawanyo hutakiwa aamue. Ndugu msomaji, kauli zote mbili ni madai, na gobori lenyewe lina ushahidi wake.

Kwanza kabisa ijulikane kama limeshindiliwa. Baruti nyeusi ikikaa kavu haifi kwa kupita miaka mia. Mdomo uelekezwe pasipo watu, mdeki wa mti uingizwe taratibu mpaka ukome, utiwe alama penye mdomo, kisha ulazwe nje ya mtutu. Usipofika usawa wa tundu la moto, kuna kitu ndani. Aitwe fundi wa bunduki, si kijana wa nyumbani na msumari wake.

Kisha utazamwe mtambo. Gumegume lina jiwe na kisahani cha baruti. Bunduki ya fataki ina nyundo na kifa. Kwa kuwa fataki zilienea Ulaya miaka ya 1820 na 1830, wengi hukata shauri kwamba kila gumegume ni la kabla ya hapo. Hapa ndipo wanapopotea. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia kuingiza bunduki za kisasa na zenye mifereji mtutuni katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha mlango kwa gumegume lisilo na mifereji. Kwa hiyo gumegume laweza kuwa dogo kwa umri kuliko la fataki! Tena yako magumegume yaliyogeuzwa kuwa ya fataki. Matundu yaliyozibwa ubavuni mwa mtambo huyafichua.

Mtutu nao upimwe. Laini wa milimita 19 hufuata kipimo cha jeshi la Uingereza, na wa 17.5 cha Ufaransa. Ukiwa na mifereji mitatu na upana wa takriban 14.7, yafikiriwe Enfield ya mwaka 1853 au mwigo wake.

Ama alama, mara nyingi "halina alama" maana yake ni kwamba halikufunuliwa. Mtutu utolewe kwenye mti wake na utazamwe chini. Huenda zikaonekana alama za majaribio za Birmingham, au herufi ELG ndani ya umbo la yai, nazo ni za Liège, Ubelgiji. ELG yenye taji juu yake ni ya majaribio ya kuanzia 1893. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Basi gobori lenye taji hilo ni vigumu kulipeleka kwenye vita vyake. Neno TOWER ubavuni lisimdanganye mtu, kwani liliigwa sana kwenye bunduki za biashara.

Na biashara hiyo ilikuwa kubwa. Mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa 1833 ulitaja bunduki na baruti mahsusi, kwamba kisiwani Unguja ziuzwe kwa serikali tu. Mwaka 1888 balozi wa Kiingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zikipita kwa mwaka. Ziliwinda tembo na kulinda misafara. Kuwa na gobori peke yake si dalili ya kupigana na Mjerumani.

Katika kuthamini, bei ya chombo itengwe na bei ya kisa. Ya chombo hukadiriwa na wajuzi kwa hali yake: mtambo kamili, mti wa asili, kutu isiyokwanguliwa. (Kuling'arisha kwa msasa ni kulipunguzia thamani na kufuta ushahidi.) Kisa kinahitaji barua, picha au kibali cha zamani. Kuliuza kwa jina la Abushiri bila ushahidi, au kuficha kitako kilichobadilishwa, ni ghishi. Mrithi anayelitaka kwa kumbukumbu alichukue kwa thamani ya chombo, ikatwe katika fungu lake, na kibali cha polisi kitafutwe kabla halijahama nyumba.