Kinywe Kitokacho Kwenye Masalia
Kutoa kaboni kwenye majivu ya makaa ya mawe na kuigeuza kuwa kinywe huelezwa siku hizi kama jambo jipya kabisa, lililozaliwa na mahitaji ya betri za magari ya umeme. Historia ya kazi yenyewe inasema vingine. Kinywe cha kutengenezwa tangu mwanzo kimetokana na vitu vichafu na mabaki ya kazi nyingine, na uchafu huo mara nyingi ulisaidia. Edward Acheson, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi kwa Thomas Edison, alikuwa akichoma mchanga pamoja na koki kwa umeme ili kupata karborandamu, kitu kigumu cha kunolea. Tanuri lilipopata joto kupita kiasi, silikoni iligeuka mvuke ikatoweka, na kilichobaki kikawa kinywe. Mwaka 1896 alipewa hataza, na humo mna jambo linalosahauliwa: aliona kwamba kaboni safi ilimpa kinywe kidogo, ilhali makaa yenye madini ndani yake yalimpa kingi zaidi. Kwa maelezo yake, madini hushikana kwanza na kaboni, kisha joto kali huyafukuza, na kaboni inayoachwa hujipanga upya. Kiwanda chake cha Niagara Falls kikawa kinatumia antrasaiti ya Pennsylvania pamoja na majivu yaliyomo ndani yake.

Baadaye koki ya petroli ilishika nafasi hiyo, na wengi huiona leo kama malighafi halali ambayo majivu hayawezi kulinganishwa nayo. Lakini koki hiyo nayo ni mashapo yanayosalia baada ya mafuta mazito kukamuliwa kila kilichofaa. Ilipendwa kwa sababu ilipatikana kwa wingi, kwa bei nafuu, na shehena moja ilifanana na nyingine. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu majivu ni lilelile: je, kaboni yake inapatikana kwa wingi, na inatabirika?

Kuhusu wingi, jibu lilikuja kwa njia ya ajabu. Marekani ilipokaza sheria yake ya hewa safi mwaka 1990, mitambo mingi ya umeme ilifungiwa vichomeo vinavyopunguza oksidi za naitrojeni. Makaa yakaungua katika hewa kidogo zaidi mwanzoni mwa mwali, na chembe ambazo hazikuungua zikaongezeka katika majivu. Wauzaji wa zege wakalalamika, maana kaboni hunyonya dawa inayotia viputo vya hewa kwenye zege ili lisipasuke kwenye barafu. Kikomo kinachotumika sana huko ni asilimia 6 ya uzito unaopotea majivu yakichomwa tena. Majivu yaliyozidi hapo yakaishia mabwawani. Njia ya kuitenga kaboni hiyo, kwa upande wake, ilikuwapo tangu zamani: mwaka 1877 ndugu wawili wa ukoo wa Bessel, mjini Dresden, walipata hataza ya kupandisha kinywe juu ya maji kwa mafuta na mapovu. Wachimbaji wa zinki na shaba walikuja kujenga utajiri juu ya kanuni hiyohiyo ya kuelea.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwa mwanasayansi Rosalind Franklin. Mwaka 1951 alionyesha kwamba kuna kaboni ambayo haijipangi kuwa kinywe hata ikipashwa joto la nyuzi 3000, kwa kuwa vipande vyake vimefungamana ovyo tangu ilipoanza kugeuka kaboni. Chembe za majivu ni mchanganyiko, na zimo za namna hiyo. Sioni haja ya kulipuuza. Hata hivyo watafiti wa taasisi ya makaa ya Oviedo, Hispania, walipopasha kaboni ya majivu mwaka 2008, walipata kinywe chenye mpangilio mzuri, wakaona kwamba madini yaliyobaki ndani yake yalichochea mpangilio huo. Acheson alikuwa ameliona jambo hilo miaka 112 kabla yao.

Kuhusu umeme mwingi wa tanuri, pingamizi ni la kweli, ila linaigusa koki ya petroli vilevile. Tena koki huhitaji kuokwa kwanza, kwenye nyuzi zaidi ya 1200, ili gesi zitoke, ilhali chembe za majivu zimekwisha kupita katika moto wa bwela. Nayo majivu yaliyosafishwa huuzwa kwa watengeneza zege, kwa hiyo gharama ya kutenganisha haikiangukii kinywe peke yake. Kinachobaki kuwa kigumu ni kutabirika: bwawa moja linaweza kuwa na majivu ya makaa ya migodi mingi. Ndiyo maana ningeanza na mabwawa ya mitambo iliyochoma makaa ya mgodi mmoja kwa miaka mingi, hasa antrasaiti au makaa yanayofaa kwa koki, kabla ya kugusa mengine yoyote.