Homoni ya parathiroidi kwa watoto wenye maradhi ya figo

Shingoni mna tezi nne, kila moja kiasi cha punje ya mchele, zitoazo homoni inayosimamia kalsiamu mwilini. Figo za mtoto zinaposhindwa kufanya kazi, fosfeti hujaa katika damu na homoni hiyo huzidi, mifupa ikadhoofika na kimo kudumaa. Ikishushwa mno kwa dawa, mifupa nayo huacha kujijenga.

Kuipima kuna utata. Vipande vya homoni ambavyo figo zingeviondoa husalia katika damu, na vipimo vingi huvihesabu pia. Ndiyo maana maabara mbili zaweza kutoa tarakimu tofauti kwa damu ile ile. Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2017 unashauri matibabu yafuate mwelekeo wa vipimo kadhaa. Mzazi anayehamia nchi nyingine na achukue majibu yote, pamoja na jina la kipimo kilichotumika.