Uzazi Ugenini: Kutoka Hamburg hadi Kanombe

Mwanamke wa mwambao akijifungua huzungukwa na mkunga, mama na mashangazi hadi arobaini itimie. Je, aliye ugenini hutunzwa na nani?

Mwaka 1866 Salme, bintiye Sultani Said wa Zanzibar, alitoroka Unguja akiwa na mimba ya Mjerumani Heinrich Ruete. Walioana Aden mwaka 1867, wakahamia Hamburg. Huko Antonie alizaliwa mwaka 1868. Naye angali mchanga, mama akashika mimba ya Rudolph, aliyezaliwa mwaka 1869. Rosalie akafuata mwaka 1870, na mwaka huohuo mume akafa kwa ajali ya tramu. Salme alifiwa na mume, na pia na mtu aliyezungumza naye Kiswahili nyumbani.

Leo mama wa Tanzania ashukaye Kanombe, mimba tumboni na mtoto mgongoni, ana nafuu: Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Hata hivyo, sheria hufungua ofisi, haifungui mlango wa jirani asemaye Kinyarwanda. Basi tufundishapo Kiswahili huko, maneno ya zahanati na ya jikoni yatangulie ngeli.